Nafasi Katikati ya Picha

Juzi nilifungua begi la kazi la mama, lile la turubai la buluu ambalo hakuna aliyeligusa tangu tumzike, na harufu ya nta ya kung'arishia mbao ikanipiga usoni. Nikakaa sakafuni hapohapo. Wenzangu mliolelewa London na mama wa kufanya usafi, kila mmoja wenu ana harufu yake. Wengine ni dawa ya choo, wengine ni sabuni ya hospitali. Yangu ni nta ya nyuki. Nikiinusa popote pale naona meza ndefu nyeusi, ngazi zinazolia zikikanyagwa, na bwana wa Kifaransa mwenye kola ya lesi akinitazama kutoka ukutani kana kwamba nimemkanyaga.

Yaya Furaha alikuwa nyuma yangu akikunja vitenge vya mama. Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu Uvira. Watu wa Mombasa na Dar wakinisikia hucheka, wakidhani bado nina mtu wa kunilea. Nilimwambia achague anachotaka kabla shangazi hawajaja na macho yao.

"Miye nataka ile picha tu," alisema. "Ile ya zamani."

Nilijua picha gani. Ninyi hamuijui, na siwezi kuieleza bila kuanza na yule Mfaransa.

Mama alikuwa mwalimu wa Kifaransa Uvira, mwalimu mkali mwenye chaki mfukoni hata Jumapili. London ilimpa ndoo. Siku za wiki alisafisha ofisi Stratford, na Jumamosi asubuhi alisafisha nyumba moja ya kale karibu na Aldgate iliyogeuzwa makumbusho. Baba alikuwa amefariki kabla hatujaondoka kwetu na nyumbani Ilford hakukuwa na wa kuniachia, kwa hiyo alinichukua. Tulipanda basi la ishirini na tano, tukakaa juu mbele, naye akanikumbusha njia nzima kazi yangu katika nyumba ile. Kazi yangu ilikuwa kutogusa.

Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa mtiifu, kwa hiyo nilitazama. Ukumbini kulikuwa na picha kubwa kuliko kitanda chetu: bwana mwenye kola, mkewe, na watoto watano. Kila Jumamosi mama alipoingia na ndoo yake alimsalimu yule bwana kwa Kifaransa, kwa heshima zote, halafu akacheka peke yake. Mimi sikujua kuwa ni mzaha. Nilidhani anamsalimu bosi. Nilidhani nyumba ni yake, anaishi juu, na kule kwenye ngazi za pili palipofungwa kamba nyekundu ndiko alikolala mpaka mchana kama matajiri wanavyolala. Nilitembea kwa ncha za vidole nisimwamshe.

Nilipomaliza kumtazama yeye niliwatazama wanawe. Wanne walikuwa wamejipanga upande mmoja, wamenenepa mashavu. Wa tano alikuwa msichana wa gauni la njano, amesimama katikati ya baba na mama, na alikuwa na kasoro ambayo ilinisumbua miezi mingi. Vivuli vya wenzake wote vilianguka kushoto. Chake kilianguka kulia.

Sasa Furaha. Risasi zilipoanza kwetu, yeye alikuwa amekwenda likizo kwa bibi, kijiji cha juu milimani, na njia ilikuwa imefungwa. Mama alisubiri siku mbili ufukweni mwa ziwa, akanishika mkono, tukavuka bila yeye. Furaha alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi mitano. Nilichobaki nacho ni mikono yake ikinisuka nywele kwa nguvu mno, na sauti yake kwenye simu, kwenye kibanda cha Ilford Lane, mama akikwangua kadi kwa ukucha na kunipa zamu ya kusema neno moja moja.

Tulipopewa karatasi za kukaa, mama aliomba Furaha aletwe. Fomu niliijaza mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza. Nyumba nyingi za kwetu zilikuwa hivyo, mtoto wa shule ya msingi ndiye katibu. Nilikaa mezani na kalamu nyeusi nikamsomea mama kila swali, naye akijibu huku akikaanga sombe, kisamvu cha kwetu. Jina la mtoto? Furaha. Amezaliwa wapi? Uvira. Mama mzazi ni nani? Mwiko ulisimama kidogo kwenye sufuria.

"Ni miye," alisema. "Andika."

Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri.

Majibu yalikuja baada ya muda mrefu, na hayo pia niliyasoma mimi. Watu wa Uhamiaji walisema hawaamini kwamba Furaha ni mtoto wa mama. Kulingana na maelezo yake mwenyewe aliyoyatoa alipofika nchini, siku za ndoa na siku za kuzaliwa kwa mtoto hazikupatana. Kama ni mwanawe, na wapimwe damu wote wawili. Nilifurahi. Nilidhani damu ni jambo rahisi, unachomwa sindano, unapewa biskuti, dada anapanda ndege. Wakili wetu, bwana mmoja mpole mwenye ofisi juu ya duka la viatu, naye alidhani hivyo.

"Hapana," mama alisema. "Sitapima mutoto wangu damu sawa vile mbuzi ya soko."

"Mama, ni kipimo tu," wakili alisema, nami nikatafsiri.

"Mwambie hapana."

Aliinuka, akafunga koti mpaka kifungo cha shingoni, tukatoka. Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa na mfano wake tangu siku ile, kwa sababu kwa hesabu yangu ya kitoto jambo lilikuwa wazi kabisa: mama hamtaki Furaha. Amezoea maisha ya wawili. Anasema anamlilia, kumbe maneno matupu.

Kwa kuwa mama amekataa, niliamua kwenda kwa mkubwa wake. Niliandika barua kwa yule Mfaransa. Nilimweleza kuwa mimi ni binti wa mwanamke anayempangusia meza, kwamba dada yangu amebaki Uvira, kwamba mama hataki kupimwa, na kwamba yeye kama bosi anaweza kumwamuru. Mwishoni nikamuuliza kwa adabu kwa nini kivuli cha binti yake wa njano kiko upande usiofaa. Jumamosi, mama alipokwenda kubadilisha maji, niliitumbukiza barua kwenye sanduku la mbao mlangoni, lile la wageni kuandika maoni yao.

Jumamosi iliyofuata tulikuta mlango umeshafunguliwa. Bi Winifred, mama mzee aliyesimamia makumbusho, ambaye kwa kawaida alifika sisi tukiwa tumeshaondoka, alikuwa ameketi ukumbini amevaa kofia yake ya mvua, barua yangu mkononi. Mama alipouona mwandiko wangu aliweka ndoo chini polepole. Nilijua nitachapwa. Mama alijua amefukuzwa kazi.

"Nimekuja kumjibu huyu binti," Bi Winifred alisema, "kwa niaba ya mwenye nyumba. Yeye amekufa siku nyingi sana, kwa hiyo mtanisamehe."

Tukaketi wote watatu kwenye benchi ambalo haliruhusiwi kukaliwa. Mimi nilikuwa na aibu ya mtu aliyemwandikia maiti barua. Bi Winifred alieleza, nikamtafsiria mama, na kadiri nilivyotafsiri ndivyo mama alivyozidi kunyoosha mgongo.

Yule bwana alikuwa kabaila kusini mwa Ufaransa, mtu wa ngome, mizabibu na farasi, mwenye jina refu lililobeba vijiji vitatu ndani yake. Mfalme wao akaamuru watu wote wasali kwa namna moja tu, namna yake. Kabaila na mdogo wake hawakusali hivyo. Mdogo wake aligoma hadharani, akafungwa, akafia gerezani. Kabaila mwenyewe aliletewa askari wakalala nyumbani kwake, wakanywa divai yake na kupasua milango yake kuwa kuni. Kisha amri ikaja kwamba watoto wa watu kama hao wachukuliwe wakalelewe na watawa. Binti wa yule mdogo wake, ambaye kabaila alimchukua tangu siku ya msiba, ndiye aliyetangulia kukamatwa. Wiki hiyohiyo kabaila akatoroka na mkewe na wanawe wanne, wamefichwa kati ya mapipa kwenye jahazi la mfanyabiashara.

"Alifika hapa na jina lake tu," Bi Winifred alisema. "Akawa anafundisha vijana wa Kiingereza kupigana kwa panga. Majirani wafumaji walimcheka: bwana mkubwa asiye hata na kuku."

"Sawa vile miye na Kifaransa yangu," mama alisema. Hilo sikulitafsiri.

Baadaye alimwita mchoraji aichore familia. Mkewe aliuza hereni zake. Kabaila akamwamuru mchoraji aache nafasi katikati, kati yake na mkewe, upana wa mtoto mmoja. Mchoraji akasema itaonekana vibaya. Kabaila akasema na ionekane. Picha ikatundikwa hivyohivyo, na kila mgeni aliyeuliza kuna nini pale alijibiwa kuwa pana mtu. Huku nyuma aliandika barua kwa maaskofu, kwa mawaziri, kwa kila aliyekuwa na sikio, miaka saba. Binti alipofika hatimaye, mchoraji aliitwa tena. Alikuwa amezeeka, akaweka ubao wake kwenye dirisha jingine lenye mwanga wa kutosha. Ndiyo maana kivuli kiliangukia upande wa pili.

Nakala za barua hizo alizojiwekea zilikuwa palepale, ndani ya kabati la kioo ambalo mama alilipangusa kila wiki. Bi Winifred alisema ziliwachanganya wasomi miaka mingi, maana kabaila hakuandika hata mara moja "binti wa ndugu yangu". Mama aliinuka, akainama juu ya kioo, akaanza kusoma. Sikujua kama mama anaweza kusoma maandishi yale ya kukunjamana. Bi Winifred naye hakujua, alivua kofia.

"Binti yangu mnayemshikilia," mama alisoma kwa Kiswahili, taratibu, kidole juu ya kioo. "Nasema binti yangu. Mkiniuliza ni wa nani nitawajibu hivyohivyo, hata mniulize mara mia."

Mama akacheka. Alicheka kwa sauti, kicheko cha Uvira, ambacho London haikuwa imekisikia bado. "Muone ule mzee!" akasema. "Muone!" Kisha kicheko kikageuka, akakaa tena kwenye benchi la marufuku akalia ndani ya kitambaa chake cha nta, na Bi Winifred akatoka kwenda kuchemsha maji ya chai, kwa sababu alikuwa na akili.

Ndipo mama aliponiambia. Furaha alizaliwa na dada yake mkubwa, aliyefariki mtoto akiwa hajatimiza miezi mitatu. Siku ya kuondoa tanga, mama, mwari ambaye hajaolewa, aliketishwa mkekani mbele ya ukoo mzima, mtoto akafungwa mgongoni kwake kwa kitenge cha marehemu, na mjomba akatangaza kuwa kuanzia siku ile mtoto ana mama na asitokee mtu wa kumwita yatima. Kwetu hilo likishafanyika limekwisha. Atakayeuliza tena nani alimzaa amemtukana mtoto na amemtukana aliyekufa. Baba alipomposa, alimposa na mwanawe mgongoni. Mama hakudanganya kwenye fomu. Aliulizwa swali ambalo kwao haliulizwi, akalijibu kwa jibu pekee alilokuwa nalo.

"Na Furaha anajua?" niliuliza.

"Hajui. Nikipima damu, atajua kupitia barua ya Wazungu. Siwezi."

Nilitaka sakafu inimeze, kwa yale yote niliyokuwa nimemwazia. Sikumwambia kamwe. Nadhani alijua, maana barua yangu aliisoma, na hakunichapa.

Tangu siku hiyo mama alibadilika mwendo. Wakili alihitaji picha ya familia kwa ajili ya rufaa, nasi za kwetu zilichomwa pamoja na nyumba. Tukaenda kwa mpiga picha wa Ilford, Mhindi mmoja mzee aliyekulia Kisumu na kuzungumza Kiswahili cha sokoni cha kwao. Mama alikaa kwenye kiti. Mimi alinisimamisha mbali, mkono mzima kutoka kwake.

"Mama, sogea karibu na mtoto," yule mzee alisema. "Iko gap kubwa hapa katikati."

"Acha tu. Hapa kuko mutu."

Akatutazama, akatazama ile nafasi. Nilidhani atabisha kama yule mchoraji. "Basi ngoja," akasema, "nipandishe kamera kidogo, asikatwe kichwa." Na kweli akaiinua.

Ikabaki simu. Wakili alikuwa amesema mahakama haitatoa ruhusa bila kuusikia ukweli wote, na mama alikuwa ameamua kuusema, lakini si kabla Furaha hajausikia kutoka kinywani mwake. Tukaenda kibandani Jumapili baada ya ibada, yeye na kofia yake ya kanisa. Alikwangua kadi. Nilijibana pembeni, sikio langu kwenye mgongo wa simu. Aliamkia bibi, akamwomba Furaha.

"Furaha mama," alisema. "Kuko neno nataka kukwambia. Si miye nilikuzaa. Ni yaya wangu alikuzaa. Weye ni mutoto wangu, lakini nitaulizwa na watu, na sikutaka usikie kwao."

Upande wa pili jogoo aliwika. Halafu sauti ya Furaha, nzito kuliko nilivyoizoea.

"Mama, najua. Bibi aliniambia nikiwa darasa la tatu. Nilinyamaza kusudi usiumie."

Mama aliegemea kioo cha kibanda. Yule mwanamke wa kwenye mashine akaingilia kwa Kiingereza chake cha puani kusema imebaki dakika moja. Mama aliitumia yote kumuuliza kama anakula, kama viatu bado vinamtosha, kama ananyoa au anasuka. Ilipokatika alitundika simu, akarekebisha kofia. "Sasa," aliniambia, "twende tukawaone hao."

Siku ya rufaa wakili aliniombea ruhusa niingie mahakamani, nikakaa nyuma. Jaji alikuwa mwanamke mwenye mafua, boksi la tishu mbele yake. Mkalimani alikuwa dada wa Mombasa mwenye buibui. Upande wa Uhamiaji alikaa kijana mwenye tai, aliyeinuka na fomu yangu mkononi, mwandiko wangu mzuri umegeuzwa ushahidi.

"Kwa hiyo unakiri kwamba hapa ulisema uongo?"

"Hapana," mama alisema. "Niliulizwa mama yake ni nani, nikajibu. Kama mlitaka kujua nani alimubeba tumboni mngeuliza ile, na miye ningewaambia kwetu hatuulizi." Akamgeukia mkalimani. "Dada, waambie: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana."

Yule dada wa Mombasa alisema "ehe" kwanza, kwa sauti ya chini, kabla ya kutafsiri. Kisha mama akasimulia mkeka, kitenge na maneno ya mjomba, bila kulia, kama anayefundisha darasa la wazembe. Barua ya mchungaji wa Uvira na ya bibi zilikuwa mezani zikisema yaleyale. Jaji aliandika sana. Halafu akainua picha ya Ilford, akaisogeza karibu na macho.

"Hii inasemekana ni picha ya familia. Lakini binti mwenyewe simwoni."

Mama alisubiri tafsiri ingawa nina hakika alishaelewa.

"Humuoni," alisema, "sababu bado hamujamuleta. Nafasi yake njo hiyo, ndiyo hiyo."

Jaji akapenga kamasi, akaiangalia tena ile nafasi, na safari hii hakuharakisha.

Barua ya ushindi niliisoma mimi, ngazini, mara mbili, ya pili kwa sababu mama hakuniamini. Furaha alipotoka kwenye mlango wa wasafiri Heathrow alikuwa amempita mama kwa kichwa kizima. Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzima, ikaniponyoka, nikasema kitu kwa Kiingereza.

"Huyu mutoto anasema nini?" Furaha alimuuliza mama, akanishika kichwa na kuanza kuzikagua nywele zangu palepale, kwa nguvu mno.

Tulirudi kwa yule Mhindi. Akatupiga picha ya pili, Furaha katikati, kati ya mama na mimi. Alijibana mabega ili atoshe, kwa sababu nafasi tuliyomwachia ilikuwa ya mtoto. Picha hiyo mama aliitundika sebuleni. Ile ya kwanza ilikaa juu ya kitanda chake mpaka alipofariki.

Sasa zilikuwa mbele yetu zote mbili, na Furaha alishika ile yenye pengo. Nilimwambia achukue ya sebuleni, ndiyo iliyo nzuri, na isitoshe yumo. Kwenye hii hayumo.

"Ile ya sebuleni kila mutu ananiona," alisema. "Hii hapa, mama peke yake njo aliniona."

Nilichomoa kitambaa cha mama begini, bado kina nta, nikapangusa kioo, nikampa.